Kopo la Sarafu za Dirishani

Kwako Kaka yangu,

Salamu kwako, kwa wifi na kwa watoto. Natumaini barua hii itawakuta wazima, mkila na kulala vizuri. Sisi huku tupo. Mama hajambo, goti linamsumbua kidogo asubuhi, lakini akishaanza kutembea linatulia. Cherehani chake hakipo tena pale sebuleni karibu na dirisha, na nitakueleza kilikokwenda. Mimi afya ninayo, ila roho imenichafuka kiasi kwamba hata chai inapita kwa shida, nami unanijua, si mtu wa kususa chai.

Najua umekuwa ukinipigia tangu Ijumaa. Simu yangu ni nzima na haijaibiwa. Sikupokea kwa sababu ningepokea ningekutukana, nawe ungelishika lile tusi ukaacha maneno mengine yote. Ujumbe wa simu nao unausoma kwa jicho moja na kuujibu kwa kidole gumba. Kwa hiyo nimechukua kalamu. Kaa chini usome mpaka mwisho, maana jibu la unalotaka kuniuliza liko huku, na halitakufurahisha.

Nianze pale tulipoanzia sote. Matanga ya Baba yalikuwa hayajapoa vizuri wakati shemeji yetu, mume wa Dada, alipolitoa kabatini lile kopo la biskuti la Baba na kulimwaga mezani. Sarafu zikatawanyika mpaka chini ya kochi. Wewe ulikuwa kwenye simu, sauti imefunguliwa tukusikie wote. Shemeji akakuhesabia nchi moja baada ya nyingine kama mpiga ramli, nawe ukasema kwamba watu wanauza vitu kama hivyo kwenye minada ya mtandaoni na kununua magari. Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni akifuta mikono. Tulipomwuliza, alisema sawa, kama mmeshakubaliana. Ukamwambia asione vibaya, vile ni vyuma tu. Nakumbuka alirudi jikoni, nasi tukaendelea kugawana tusichokuwa nacho.

Nilipewa kazi ya kukadiria thamani. Ulinitania kwamba mtu anayejua kulisoma ini la ng'ombe hawezi kushindwa na sarafu, na kwa kweli nilivimba kichwa. Kaka, miaka yote hii nakagua nyama machinjioni. Nimepasua maini yenye minyoo, nimeshika mapafu yenye usaha, kisha nikanawa mikono nikaenda kula. Nilidhani nimeshamaliza kinyaa chote nilichopangiwa hapa duniani. Kumbe kile cha machinjioni kilikuwa mazoezi.

Tulitumia akaunti yangu kwa kuwa ya shemeji ilikuwa imefungwa. Alikuwa ameuza simu yenye kioo kizuri na ndani haina kitu, kisha akashangaa mnunuzi anakasirikia nini. Basi nikakaa na ile minada wiki nzima, kila nikitoka kazini. Jambo la kwanza nililojifunza ni kutotazama bei anayoitaka muuzaji. Mtu anaweza kuandika bei ya nyumba juu ya kipande cha shaba, hakuna anayemzuia. Unatakiwa kutazama minada iliyokwisha fungwa, uone mtu alitoa nini mfukoni mwake. Nikatafuta sarafu kama za kwetu, moja moja, mwaka kwa mwaka. Nyingi zilikuwa zimeuzwa kwa bei ya kipande cha sabuni. Nyingine zilikaa miezi bila hata dau moja. Nilikuandikia ukweli, kwamba kopo zima, tukibahatika, linaweza kununua godoro. Ulinijibu kwa kile kikatuni cha uso uliovimba.

Shemeji akasema tatizo ni kwamba hazing'ai. Nilimkuta barazani amezitia kwenye bakuli la Mama la kukandia unga, na siki, na magadi, anazisugua kwa mswaki, moja baada ya nyingine. Maji yamekuwa meusi yenye povu la kijani. Akimaliza moja analamba kidole, anaipangusa, anaitazama juani na kutabasamu. Nilikuwa nimeshasoma kwamba wanaojua sarafu hawataki iliyosuguliwa, ile ngozi nyeusi ya uzee ndiyo wanayoitaka, na ukiitoa hairudi. Nilimwambia. Akasema hao ni watu wa kupiga chuku, mnunuzi wa kawaida anapenda kinachong'aa. Bakuli lile nililitupa mwenyewe. Mama akaniuliza liko wapi, nikamwambia limepasuka.

Halafu yakaja maelezo ya kuweka mnadani. Unajua shemeji aliandika nini? Aliandika kwamba sarafu hizi zimetoka katika hazina ya mzee msafiri aliyezunguka dunia. Baba yetu! Baba aliyekata tiketi stesheni mpaka anastaafu, akiwatazama wengine wanapanda treni. Safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa kwenda hospitali ya rufaa, na ile ya mwisho alirudishwa amelala. Nilitaka kuyafuta, wewe ukasema niyaache, hakuna anayedhurika. Nikayaacha. Hapo ndipo nilipoanza kunuka pamoja nanyi.

Tukakubaliana tuuze chache kwanza, moja moja, tupime soko, kisha kopo lote lililobaki liende kwa pamoja. Sarafu ya kwanza ilikuwa ile kubwa ya kahawia yenye picha ya meli. Nilikuwa nimeikadiria bei ya mkate. Mnunuzi mmoja anayejiita Saa Mbovu akaweka dau. Mwingine anayejiita Mwindaji akampita. Saa Mbovu akarudi. Wakaenda hivyo mpaka bei ikawa ya viatu vya ngozi, ndipo Mwindaji akaacha na Saa Mbovu akashinda. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu, ile ndogo yenye tundu katikati, ikapanda mpaka nikadhani programu imeharibika. Kila mara walikuwa wawili hao hao, na kila mara mshindi ni yule yule.

Nikiri kwamba nilifurahi. Nilijiona mjinga kwa kukadiria chini. Nikajiambia kwamba kama watu wawili wasiojuana wanagombea kitu kiasi hiki, basi kuna wanachokijua ambacho sikijui. Nilirudia hesabu ya kopo lote kwa bei hizo mpya, nikakutumia, na safari hii vikatuni vyako vilikuwa vinacheza ngoma. Shemeji alikuwa akipeleka vifurushi. Aliniambia baadaye kwamba anwani ilikuwa ya mji huu huu, lakini hakuona ajabu yoyote, pesa haina mtaa.

Kisha Saa Mbovu akaleta malalamiko. Yaliandikwa kwa adabu sana. Alisema sarafu zimefika salama na anashukuru, ila zimeoshwa, na hazikuwa hivyo. Halafu akauliza swali moja: ile yenye tundu, uzi wake mwekundu uko wapi?

Nilisoma nikiwa nimesimama kwenye korido ya machinjioni na aproni yangu ya damu. Picha tuliyoweka mnadani haikuwa na uzi. Nilimpigia shemeji. Akakumbuka kwa shida kwamba ndiyo, kulikuwa na kiuzi kichafu, alikikata kabla ya kuosha. Sasa niambie, Kaka, mtu aliye kwenye mtandao angejuaje kwamba kulikuwa na uzi?

Nikaichukua anwani, nikaenda kwa miguu. Ni kile kiduka cha fundi saa nyuma ya soko la zamani, chenye mlango mwembamba na saa za ukutani ambazo hakuna mbili zinazokubaliana. Fundi alikuwa ameinama na kile kioo chake jichoni. Na kwenye kiti cha wateja, mkoba mapajani, miwani imeshuka puani, alikuwa amekaa Mama. Alikuwa anaitazama simu ya fundi iliyoegemezwa kwenye debe la vipuri. Aliponiona hakushtuka. Alisogeza mkoba ili nipate pa kukaa.

Fundi akavua kioo chake na kusema anakwenda kutafuta sigara, ingawa pakiti ilikuwa mbele yake. Mama akanieleza yote bila kupandisha sauti. Alisema hakutaka kutugombanisha. Watoto wake walikuwa wamekubaliana jambo kwa mara ya kwanza tangu msiba, na yeye hakutaka kuwa ndiye wa kulivunja. Akaona heri anunue kimya kimya. Fundi alimfungulia akaunti na kumfundisha kubonyeza. Alianza na akiba ya mazishi iliyobaki. Ilipokwisha, akamuuzia cherehani yule mshonaji wa mtaa wa pili. Mimi aliniambia kiko kwa fundi wa vyerehani kinatengenezwa, nami nikaamini, kwa sababu sikuwa na nafasi ya kufikiri, nilikuwa nakadiria thamani.

Nikamwuliza kwa nini. Nilimwuliza kwa hasira, Mungu anisamehe. Nikamwambia sarafu zile ni za kawaida, kwamba hata Baba hakuwahi kuzitazama kama mtu anayezipenda. Ndipo aliponiambia jambo ambalo si mimi, si wewe, si Dada aliyewahi kulijua.

Baba hakukusanya sarafu, Kaka. Alipunjwa. Abiria waliokuwa na haraka walimsukumia dirishani hela za nchi nyingine na hela zilizokwisha kufutwa, zimechanganywa na za kweli, treni inapiga honi na foleni inamtukana. Jioni keshia wa stesheni alizikataa, na kilichopungua kikakatwa kwenye mshahara wake. Baba aliona aibu. Akawa anazitia kwenye kopo, na sisi tulipomwuliza alisema ni mkusanyiko wake. Tukaenda shuleni tukajisifu. Ila Mama alizijua zote, kwa sababu upungufu ulikuwa unafikia jikoni kwake. Ile ya meli, alisema, ilikuwa wiki ya kula bila mafuta. Nyingine ilikuwa viatu vyangu vya shule vilivyochelewa. Aliongea kana kwamba anasoma majina ya watu.

"Zote hizi nilishazilipia mara moja," alisema. "Sasa nazilipia tena, si kitu. Lakini zisiende kwa mtu asiyejua ni za nini."

Na ile yenye tundu? Ulikuwa mdogo, una homa, unatema kila dawa. Baba aliipitishia uzi mwekundu kutoka kwenye kikapu cha Mama, akakuambia ni nishani ya wanajeshi wanaomeza dawa chungu. Ukameza. Uliivaa mpaka ulipopona, hukutaka kuivua hata kuoga. Mama ndiye aliyeirudisha koponi. Hukuitambua kwa sababu shemeji alikata uzi na kuisugua ikawa kama kifungo kipya cha koti.

Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kwa shemeji. Kitu kimoja kilikuwa kinanikera. Kama Saa Mbovu ni Mama, basi ni nani huyo mwingine? Nilishaangalia bei zote duniani za sarafu hizi. Hakuna mwenye akili timamu anayezigombea. Shemeji alikuwa anakula karanga mbele ya televisheni. Nilipomwuliza Mwindaji ni nani, alicheka mpaka akapaliwa. Akaniambia nisijifanye sijui, ni kaka yako bwana, tulipanga naye tangu siku ya kwanza. Akaeleza kama mtu anayesimulia goli. Wewe unapandisha, unamvuta yule mpumbavu mpaka juu, ukiona anaanza kusita unajitoa, na mpumbavu analipa. Alisema tena na tena neno hilo, mpumbavu, huku akitema maganda kiganjani. Nilimwuliza kama anamjua huyo mpumbavu. Akasema amjue wa nini. Dada alikuwa kwenye mlango wa chumbani ameshika sampuli za mapazia, akajifanya anazilinganisha na ukuta.

Sikuwaambia. Nilikwenda nyuma ya nyumba yao nikatapika. Nasema kutapika, Kaka, simaanishi kwa mfano.

Usiku huo nilifungua orodha ya madau ya ile yenye tundu. Dau la Mama limeongezwa kidogo, kama mtu anayechota chumvi. Dau lako limerukia juu. La Mama tena, kidogo. Lako, juu. Nilikuwa naona kabisa, yeye kwenye kiti cha fundi saa anavua miwani na kuivaa, na wewe huko kitandani, mguu juu ya mguu, unabonyeza. Bei yote ile niliyoiita thamani, ambayo nilikutumia kwa fahari, haikuwa thamani ya kitu chochote. Ilikuwa ni mama na mwanawe wanavutana gizani, mmoja kwa pesa ya cherehani na mwingine kwa mzaha. Nimeona vitu vinavyonuka maishani mwangu. Hiki sina muhuri wake.

Sasa nafika Ijumaa, na hapa ndipo pana langu la kukiri.

Kopo lilikuwa limeshaingia mnadani na madau yameshawekwa, na kwa sheria za ule mtandao halingeweza kuondolewa. Bei ya kuanzia niliipanga mimi, kwa ile hesabu yangu ya kijinga. Mama aliweka dau, hela yake yote ya mwisho. Ukampita. Akamgeukia fundi, akamwuliza kama anaweza kumkopesha. Nilikuwa nimekaa karibu naye. Nikamshika mkono, nikamwambia aache, kopo litarudi nyumbani, aniamini. Akavua miwani na kuikunja.

Wewe ulikuwa unangoja arudi, kama anavyorudi siku zote. Nilijua unangoja. Simu yangu ilikuwa mkononi na namba yako naijua kwa kichwa. Ningeweza kukupigia nikuambie ujiokoe, muda ulikuwepo wa kutosha. Sikukupigia. Nilikaa nikanywa chai ya fundi, nikauangalia mnada unafungwa juu ya jina lako.

Kwa hiyo ndiyo, Kaka, ule ujumbe wa benki si kosa la mtandao. Umeshinda. Kadi yako imekatwa kwa bei uliyoitaja mwenyewe, na mimi muuzaji sifuti biashara. Pesa zikinifikia namrudishia Mama kila alichotoa, na mshonaji amekubali kuturudishia cherehani. Kitakachobaki kitakwenda kwenye jiwe la kaburi la Baba. Shemeji asipate kitu, na akiuliza nitamkumbusha lile bakuli. Ukitaka kuulalamikia ule mtandao, lalamika. Watakuuliza kwa nini mtoto wa marehemu alikuwa anajipandishia bei, nami nitawajibu kwa maandishi mazuri.

Mama hajui Mwindaji ni nani. Nilimwambia tu kwamba aliyeshinda amelilipia kopo, kisha akasikia habari za mjane, akaamua libaki kwa mjane mwenyewe. Ulikuwa uongo, lakini wa kwangu angalau haukumwuzia mtu chochote. Nilidhani atafurahi, kumbe machozi yalimlengalenga. Akaniambia alikuwa anamwonea huruma yule mtu tangu sarafu ya kwanza.

"Kwa jinsi alivyokuwa anazing'ang'ania," alisema, "nilijua tu na yeye kafiwa."

Hilo lijibu wewe, maana ni kweli ulikuwa umefiwa, ila hakuna aliyekukumbusha.

Kopo liko kabatini mahali pake. Zile zilizosuguliwa zimetengwa kwenye kitambaa, Mama anasema zitarudi kuwa nyeusi zenyewe zikiachwa. Nimemwambia itachukua miaka. Amesema haendi popote. Yenye tundu ameitia uzi mwingine mwekundu.

Wifi mpe salamu zangu, na watoto wabusu. Dada hajasema kitu, kwa hiyo sina salamu zake. Fundi saa anakusalimu ingawa hakujui. Mama anakusalimu sana na anauliza kama unakula. Tena amenituma ujumbe, na kwa kuwa nimeahidi kuufikisha, naufikisha kama ulivyo. Anasema wewe ndiye unayejua mambo ya mtandao katika nyumba hii, kwa hiyo umtafute yule Mwindaji popote alipo. Umwambie mama mmoja anamshukuru, na anampa pole. Na siku akipita huku asione haya, aje azitazame, atamwambia moja moja ilikuwa ya nini.

Ni mimi mdogo wako,
Mkaguzi